Kaunta buku ya Baba

Mara ya kwanza Baba kuanguka mbele ya macho yangu, alikuwa anaitikia shikamoo.

Tulikuwa tunatoka dukani, Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba badala ya majina. Jua lilishapoa. Mimi nimebeba mchele, yeye mkate. Kijana mmoja akapita na baiskeli, kama kawaida ya Tanga, akapiga kengele: “Shikamoo, Fundi!” Baba akageuza uso, akainua mkono ule ule wenye mkate, akasema “Marahaba mwa…” na hakufika kwenye “…nangu”. Alikwenda chini mzimamzima kama gunia lililoteleza begani mwa kuli. Hapakuwa na jiwe wala shimo. Barabara ilikuwa kavu na sawa.

Hospitalini alishonwa nyuzi nne juu ya jicho. Mimi ni binti wa fundi cherehani, mshono naujua, na yule daktari kijana alishona vizuri. Halafu akavua glavu, akasema, “Huu uzee, dada. Muwe mnamshika.” Tukapewa dawa ya maumivu na tarehe ya kutoa nyuzi. Hakuna aliyeuliza Baba alianguka vipi, saa ngapi, akifanya nini. Na sisi hatukusema, kwa sababu hata hatukujua kwamba hilo ni jambo la kusemwa. Mzee kuanguka ni kama mvua kunyesha. Nani anaandika habari za mvua?

Miaka mitatu baadaye nilikuwa naandika kila kitu. Lakini nisiruke.

Baba ameshona kanzu zaidi ya miaka arobaini. Ugonjwa wenyewe ulianzia kwenye chaki, ingawa hatukuutambua. Mistari yake ya chaki juu ya kitambaa, ambayo zamani ungeiona toka barazani, ilianza kuwa mifupi na myembamba. Namba anazoandika kwenye kijikaratasi cha vipimo vya mteja zikaanza kubwa, zikaishia ndogo kama punje za ufuta. Akawa haisikii harufu ya nguo inayoungua chini ya pasi yake mwenyewe. Usiku alipigana na watu ndotoni, kwa ngumi za kweli, mpaka Mama akahamia kitanda cha pili. Choo kikawa kinapita siku nne hajaenda. Uso nao ukakauka. Wateja wakaanza kunong’ona kwamba Fundi siku hizi anaringa, ukimwambia jambo la kuchekesha hata meno haonyeshi. Mkono wa kulia ulipoanza kutetemeka ukiwa umetulia mapajani, wengi tukadhani ni uchovu wa kazi.

Tulipita njia zote ambazo familia ya pwani hupita. Dawa za baridi yabisi. Dawa za presha, ambayo kweli alikuwa nayo. Kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, Baba akanywa kwa nia safi, na simcheki mtu kwa hilo maana mimi ndiye niliyelibeba. Mwisho ndugu yetu aliyeko Dar es Salaam akasema basi, njooni Muhimbili. Tukapanda basi saa kumi na mbili asubuhi.

Nilitarajia kipimo cha damu, au picha ya kichwa. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu alitumia macho na mikono yake. Alimwambia Baba agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka; vidole vikaanza kwa mwendo mpana, vikazidi kubanana, mwisho vikagandana. Akamtembeza ukumbini, mkono wa kulia hauchezi. Kisha akasimama nyuma yake: “Mzee, nitakuvuta mabega. Wewe usikubali.” Mtu wa kawaida hapo hurudi hatua moja, mbili, akajishikilia. Baba alikuja mzima kama mlango uliong’oka bawaba, daktari akamdaka. Nilikuwa nimekaa pale pembeni, na kile kishindo cha barabarani Ngamiani kikanirudia masikioni.

Akatueleza. Kuna seli ndani ya ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ndiyo inayofanya mwili utembee bila wewe kuupangia kila hatua. Seli hizo zinakufa taratibu, na dalili zinapoonekana nyingi zimeshakwenda. Ugonjwa unaitwa Parkinson, jina la daktari wa Uingereza aliyeuandika mwaka 1817. Baba alisikiliza kimya, halafu kwa sauti yake ile iliyobaki nusu akauliza, “Ule wa Muhammad Ali?” Ndiyo, mzee, huo huo. Baba alilifuatilia pambano la Kinshasa mwaka 1974 redioni, na mwaka 1996 alimwona Ali kwenye televisheni akiwasha mwenge wa Olimpiki Atlanta, mkono unatetemeka. Akatikisa kichwa kidogo. Sijui kama nitaeleweka, lakini nadhani alifarijika. Ugonjwa wa bingwa si ugonjwa wa mzee aliyelogwa.

Tukarudi Tanga na levodopa, dawa inayogeuka dopamini ndani ya ubongo, iliyochanganywa na kabidopa inayoilinda isiharibike njiani. Kwenye kibahasha cha dawa paliandikwa 1x3. Mtu wa dirishani akaongeza kwa mdomo: “Baada ya kula.” Basi ikawa saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa mbili usiku, kila kidonge juu ya sahani. Mwezi wa kwanza Baba alikata kanzu mbili. Tukashangilia. Mwezi wa nne alikuwa anaanguka zaidi ya mwanzo.

Kaunta buku ilizaliwa kwenye ugomvi wa WhatsApp. Kaka wa Muscat, ambaye humwona Baba kwa simu, alisema mzee anaanguka kila siku, kwa hiyo sisi tulio naye hatumwangalii. Kaka wa Dar akasema mbona ni mara moja moja. Mama akasema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Mimi nafundisha hesabu sekondari. Nikasema siku ya kwanza ya mwezi ujao naanza kuhesabu. Nikanunua kaunta buku, ile ya jalada gumu, nikapiga mistari. Siku. Saa. Wapi. Alikuwa anafanya nini. Amekula nini. Kidonge cha mwisho saa ngapi. Nguzo ya mwisho niliiita “Mwenyewe anasemaje”. Niliandika na zile mara ambazo hakufika chini kwa sababu ukuta au Mama alimdaka, maana nilifikiri kwamba kudakwa ni kuanguka kulikokosa nafasi.

Wiki sita, mistari kumi na tisa. Kumi na moja alifika chini.

Usiku mmoja nikakaa na kalamu nyekundu, kama ninavyosahihisha mitihani. Kitu cha kwanza kilichonitoka mdomoni ni “Kumbe!” Nilidhani kuanguka kwake hakuna mpango. Kulikuwa na ratiba kuliko shule yangu. Mara saba zilikuwa kati ya saa sita na saa nane mchana, yaani kidonge cha asubuhi kimeisha nguvu na cha mchana hakijafika. Mara nne usiku wa manane, akienda kukojoa. Mara tatu Ijumaa mchana, na Ijumaa kwetu ni pilau ya nyama baada ya swala. Karibu zote, akigeuka au akiongea. Akitembea mbele moja kwa moja, kimya, nilipata mstari mmoja tu, na huo chanzo chake ni mbuzi.

Si mbuzi wa kulia mee. Mbuzi ya kukunia nazi. Mama amezoea kuiacha ukumbini, ulimi wa chuma umetazama njia. Alikuwa ameiacha pale miaka thelathini bila tatizo, na mpaka leo haamini kwamba ina kosa.

Tulirudi kwa daktari, safari hii na buku. Nakumbuka alivyolipekua: alivuta kiti karibu na dirisha, akaacha kuandika. Akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuuliza. Dawa anameza na nini? Nyama, samaki na maharage, akasema, vinagombania njia moja na levodopa kutoka utumboni kwenda damuni na kutoka damuni kwenda ubongoni. Kwa wengine ule ugomvi unaonekana wazi, na Ijumaa za Baba zilikuwa zinaonekana wazi. Anameza nusu saa kabla ya kula, siyo juu ya pilau. Kisha akagawa upya. Dozi ya siku ilibaki karibu ile ile ila imekatwa vipande vidogo vilivyo karibu karibu: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne na nusu, saa tisa, saa moja na nusu jioni. Baba ana mkasi na jicho la fundi, kukata kidonge katikati kwake ni kama kukata kola.

Halafu yale ya usiku. Daktari akamwita nesi ampime presha Baba akiwa amelala, akasubiri, akampima tena amesimama, mara moja na baada ya dakika tatu. Amelala: 138/82. Amesimama: 106/64. Nesi mwenyewe alirudia. Baba amekuwa anapimwa presha kwa miaka, kila zahanati ina mashine, na mara zote alikuwa amekaa kwenye kiti mkono juu ya meza. Nani angejua kwamba akisimama damu inakimbilia miguuni na kichwa kinabaki kitupu? Ugonjwa wenyewe unafanya hivyo, levodopa inaongezea, na sisi tulikuwa tunampa vidonge viwili vya presha juu yake. Kimoja kikaondolewa. Akaambiwa akiamka akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu, anywe maji yaliyo kando, ndipo asimame.

Nikitakiwa kuchagua kitu kimoja katika haya yote ambacho kila zahanati ya kijiji ingeweza kukifanya kesho asubuhi bila kununua chochote, ni hicho: mpimeni mzee presha akiwa amesimama.

Mtu wa pili aliyebadilisha maisha yetu ni dada wa mazoezi ya viungo, hapa hapa Tanga. Alimwomba Baba atembee hadi mlangoni na kurudi, akamwangalia anavyogeuka: miguu inabaki, kiwiliwili kinakwenda. “Mzee,” akamwambia, “wewe unageuka kama pikipiki. Sasa nataka ugeuke kama lori.” Lori haligeukii papo hapo, linazunguka, linachukua barabara nzima. Baba akacheka bila uso, tukajua amecheka kwa mabega. Tangu siku hiyo ndani ya nyumba utamsikia Mama: “Lori, Fundi! Lori!”

Na kuganda. Waliowahi kukaa na mgonjwa wa aina hii wanajua: anatembea vizuri, anafika kizingitini, miguu inagoma kama imepigwa misumari. Ukimvuta mkono, kiwiliwili kinakuja na miguu inabaki, mnaanguka wawili. Dada wa mazoezi alituambia tusimvute kamwe. Akiganda aache kulazimisha, asimame wima, ahamishe uzito mguu hadi mguu, ahesabu “moja, mbili, tatu” na avuke kitu. Avuke nini? Chochote, hata mstari. Ubongo uliokataa kutembea wenyewe unakubali kuvuka mstari unaoonwa kwa macho.

Baba hakusema kitu. Tulipofika nyumbani aliomba kiti, akainama, na kwa chaki yake bapa ya bluu akapiga mstari sakafuni kwenye kizingiti cha chumba chake. Akasogea. Mwingine. Akasogea. Mwingine, hadi ukumbini, nafasi ya hatua moja kati ya mmoja na mwingine, mistari mipana kama ile ya zamani. Siku nyingi sikuwa nimeona mkono wake ukipiga mstari wa namna ile. Baadaye tulibandika utepe mweupe kwa sababu Mama alichoka kudeki kwa kukwepa chaki, lakini vipimo ni vya Fundi.

Yaliyobaki ya nyumbani niliyafanya mwezi mmoja, kwa pesa ambayo haifiki bei ya kanzu nzuri ya Omani. Fundi wa kuchomelea aliweka bomba la chuma la kujishikilia ukutani chooni na jingine kwenye bomba la kutawadhia. Seremala akatoboa kiti cha mninga, tukakiweka juu ya choo cha kuchuchumaa. Usiku kuna kopo lenye mdomo mpana kando ya kitanda, jambo ambalo Baba alilipinga kwa wiki tatu kwa sababu za heshima, na akalikubali siku aliyoanguka mara mbili usiku mmoja. Taa ndogo ya sola inalala inawaka. Ndala tumeziondoa, sasa anavaa viatu vya kufunga nyuma vyenye soli nyembamba, kwa sababu soli nene ya mpira inang’ang’ania sakafu wakati yeye anaburura mguu. Kanzu zake zote alizipunguza mwenyewe upindo, vidole vitatu juu ya kifundo. “Kanzu ya kufagilia,” alisema, “ni ya bwana harusi.”

Kaka wa Muscat alituma kigari cha kutembelea cha magurudumu manne chenye breki na kikapu. Kizuri sana. Kilizama kwenye mchanga wa mbele ya nyumba hatua ya pili. Sasa kinabeba ndoo za maji za Mama, na kaka akipiga simu tunakisogeza nyuma ya Baba kionekane.

Lililokuwa gumu ni lile la shikamoo.

Dada wa mazoezi alisema mzee mwenye Parkinson asifanye mambo mawili kwa pamoja: akitembea asiongee, akiongea asimame, asibebe kitu. Rahisi kusema. Huku kwetu mtu anayepita kimya ni mgonjwa wa moyo au ana kinyongo. Toka mlangoni hadi msikitini ni mita mia mbili, na katika mita hizo kuna watu ishirini wa kumwamkia mzee, na kila shikamoo ina marahaba yake, na habari za asubuhi, na za nyumbani, na watoto hawajambo. Tukimwambia asiitikie, tunamuua kwa njia nyingine. Tukimfungia ndani, miguu inazidi kukauka. Nilikuwa nimeona wazee wa kufungiwa ndani: familia inasema “hatumtoi, asije akaanguka”, na mwaka haupiti hawezi hata kusimama, na siku moja anaanguka kutoka kitandani.

Baba mwenyewe ndiye aliyepata ufumbuzi. Akisikia shikamoo anasimama kwanza. Wima, miguu imeachana, kama anayekaguliwa gwaride. Anageuka kama lori mpaka amtazame aliyemwamkia. Ndipo anaitikia, yote, bila haraka. Kisha anahesabu, anaondoka. Mita mia mbili zinachukua nusu saa. Mimi nilikwenda kuwaambia wa barabarani, nyumba kwa nyumba: ukimwamkia Fundi msubiri, na usimwamkie kwa nyuma, na wewe wa baiskeli piga kengele ukiwa mbali. Watoto wa chuo cha Kurani wameifanya mchezo. Wanamngoja Baba asimame, wanapanga mstari, wanamwamkia wote kwa pamoja. Muadhini amemwekea kiti safu ya mbele pembeni, anaswali amekaa. Viatu vya waumini, ambavyo zamani vilikuwa kilima mlangoni, sasa vina rafu.

Sijamaliza na hospitali, na hapa nitaandika kwa hasira kidogo.

Mwaka wa pili wa buku, siku mbili mfululizo nilijaza mistari mitano. Hiyo haikuwa kawaida, na dada wa mazoezi alishaniambia: mzee huyu akibadilika ghafla usiseme ugonjwa umepanda, tafuta homa, tafuta maambukizi ya mkojo. Ulikuwa mkojo. Akalazwa, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Nikaambiwa dawa zote za nyumbani zikabidhiwe, mgonjwa atapewa wakati wa mzunguko. Mzunguko ni saa tatu asubuhi. Cha saa kumi na mbili kikapita, cha saa nne na nusu kikatolewa saa saba, cha jioni kikasahauliwa. Usiku akatapika, wakamchoma sindano ya Plasil. Asubuhi nilimkuta amelala kama ubao: shingo haigeuki, mate yanatoka, macho tu ndiyo yanayonifuata. Daktari wa zamu akaniambia kwa huruma kabisa kwamba ugonjwa umefika mwisho.

Haukuwa umefika mwisho. Plasil, yaani metoklopramaidi, inafunga milango ile ile ambayo dopamini inatakiwa iingilie. Kwa mtu wa kawaida ni dawa nzuri ya kutapika. Kwa Baba, na huku levodopa yake imekatizwa, ilikuwa ni kumfunga kamba. Nilimpigia daktari wa Muhimbili, nikampa simu yule wa zamu, wakaongea kama wasomi, dawa zikarudi kwa saa zake, na sindano ile haikurudiwa. Siku ya tatu Baba alikaa. Sikugombana na mtu wodini. Manesi walikuwa wawili kwa vitanda zaidi ya thelathini, na hakuna aliyewafundisha kwamba kuna mgonjwa ambaye saa mbili za kuchelewa kidonge kwake ni kama kukatiwa umeme. Lakini nilirudi nyumbani nikachukua karatasi, nikaandika kwa kalamu nene, nikaifunika nailoni na kuibandika ndani ya jalada la buku:

“Mgonjwa huyu ana Parkinson. Dawa zake apewe kwa saa zilizoandikwa hapa, zisikatizwe ghafla. Asipewe Plasil. Asipewe haloperidoli hata akichanganyikiwa usiku. Akitapika, muulize daktari kuhusu domperidoni.”

Mara iliyofuata alipolazwa, muuguzi aliipiga picha kwa simu yake. Akaniambia ana shangazi yake Muheza, naye anatetemeka, na wanamwita mlevi.

Hao wapo wengi. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita kuwatafuta nyumba kwa nyumba, matokeo yakachapishwa mwaka 2008: wengi wa waliokutwa na Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Ndiyo maana nikisikia “uzee huo” masikio yananiwasha.

Jirani mmoja alituletea mbegu za upupu, amesikia zinatibu kutetemeka. Nilitaka kucheka, nikasoma, nikanyamaza: upupu kweli una levodopa ndani ya mbegu zake, mmea ule ule unaowasha watoto wakaingia baharini na nguo. Daktari akasema ni kweli, ila hukijui kipimo chake, leo mbegu hii ina nyingi kesho ile ina kidogo, na juu ya vidonge unaweza kumzidishia. Baba hakuzila. Lakini kuna mwezi ambao levodopa ilikosekana Tanga nzima, nikawa natazama kile kikopo cha mbegu juu ya kabati. Kaka wa Dar alituma boksi mbili kwa dereva wa basi. Sasa hatushuki chini ya akiba ya mwezi mmoja.

Ramadhani ya kwanza Baba alifunga kwa siri. Buku ndiyo iliyomsema: mistari minne katika siku tatu, yote alasiri. Alilia, mzee yule, nilipomwuliza. Shehe akaja barazani, akamwambia mgonjwa asiyetarajia kupona ana ruhusa yake, anatoa fidia, anamlisha masikini kwa kila siku. Baba akachagua kumlisha kijana wa baiskeli, yule wa shikamoo, ambaye kumbe hakuwa na kazi.

Na Mama. Buku ina nguzo saba na hakuna hata moja ya Mama. Nililiona hilo siku alipokunja mgongo akimwinua Baba chooni, akashindwa kunyooka kwa wiki mbili. Hakuna kliniki iliyowahi kumwuliza yeye analala saa ngapi. Sasa tunajua kwamba mtu akianguka humwinui kwa makwapa: unamwacha apumue, unamwuliza panauma wapi, kama nyonga au mguu umekaa upande humgusi, kama yu salama unaleta kiti mbele yake, anapiga magoti, anashika kiti, anajiinua mwenyewe na wewe unasimama nyuma tu. Tulifanya mazoezi ya hilo ukumbini, siku ya Jumapili, Baba akiwa mzima kabisa, na Mama akicheka mpaka akakaa chini naye.

Hivi sasa tuko kwenye buku ya tatu. Ugonjwa unasonga, siwezi kudanganya. Vipande vya vidonge vimekuwa vitano, na sauti yake kwenye simu haifiki tena Muscat. Lakini mwezi uliopita una mistari miwili tu, na nyonga zote mbili ni zake za kuzaliwa.

Jana jioni alinitaka nimletee buku. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye mistari taratibu kama anakagua mshono wa mwanafunzi, akasimama kwenye Jumanne ya wiki iliyopita. Pale kwenye bomba la msikitini, sabuni chini, saa kumi kasoro.

“Hapa umeandika nilianguka,” akasema.

“Ndiyo, Baba. Muadhini alinipigia simu.”

“Futa. Sikuanguka. Niliketi ghafla.”

Sikufuta. Nimeiandika kwenye nguzo ya mwisho.